Kioo cha Upande wa Dereva

Umoja, Nairobi
Jumatano, nikisubiri watoto watoke shule

Mama yangu,

Asalaam aleikum, na shikamoo ya kukushika miguu yote miwili. Nakuuliza hali huku nikijua utanijibu uongo. Goti lako la kushoto je? Ukisema "alhamdulillahi" ukanyamaza hapo, nitajua linakuuma na bado unajitwika ndoo. Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Zuhura ameng'oka jino la mbele, na sasa kila neno lenye "s" linatoka na mluzi. Anasema atakusomea Yasini yote kwa mluzi ukimtumia kashata.

Saumu, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma kama nilivyoandika. Usiruke penye ukali ukadhani unamlinda mama, maana ukali huu nimeunyonya kwake. Wala usitie maneno yako.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno unalia, ukilia nalia, salio linakwisha na hakuna tulichosema. Karatasi haikatizwi. Naandikia ndani ya gari, nimeegesha nje ya lango la shule, upepo unarusha vumbi la barabara yote na mimi halinipati. Kwa nini halinipati ndiyo habari yenyewe.

Wiki iliyopita ulinipigia ukaniambia shemeji Badi amezungumza nawe. Amekwambia gari limekufa. Amekwambia mjane hawezi kushindana na mafundi wa Nairobi, na kwamba yeye kwa huruma zake amepata mtu wa kulinunua, ili mimi nirudi Takaungu nikae nawe. Ukamalizia na methali yako ile ya mabaharia, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, mama. Nilikuwa natafuta jibu, na nimelipata juzi tu. Gari siuzi, na Takaungu sirudi. Saumu mpe maji anywe, halafu tuendelee.

Unakumbuka gari hili lilivyokuja kwangu. Twaha, Mungu amrehemu, alinioa kwa ahadi. Baba alimkubalia mahari yaje baadaye, na watu wakasema baadaye ya mwanamume wa Nairobi haifiki. Ilifika. Siku ile alileta gari mlangoni, akamwita ndugu yake Badi na jirani mmoja wawe mashahidi, akanipa ufunguo mkononi: "Mwanaisha, haya ndiyo mahari yako." Nilikupigia simu ukapiga vigelegele mpaka majirani zako wakaja kuuliza. Badi alikula pilau la siku ile, akaongeza sahani. Kwa hiyo halikuwa gari la marehemu hata liwe la kugawanywa. Ni langu tangu Twaha yu hai. Badi anajua hivyo, na ndiyo maana hakuja na maneno ya urithi. Alikuja na huruma.

Nilipokaa eda, alinifuata na sauti ya chini. "Shemeji, gari likisimama muda wote huo litakufa. Nipe ufunguo niwe nalitia moto." Yeye anakaa Majengo ya Pumwani, si mbali. Nikampa. Mtu aliye ndani ya eda, mama, anasema ndiyo kwa mambo mengi. Eda ilipokwisha akalileta. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kimezama ndani ya mlango, na pale dirishani amebandika karatasi la nailoni kwa gundi. "Limejifia lenyewe," akasema. "Gari la zamani. Uzee hauna dawa."

Sasa sikiliza kwa nini kioo kimoja kilitaka kunifukuza mjini. Kazi yangu ni ileile aliyokuwa akiifanya Twaha. Nachukua watoto wa jengo letu na majengo ya jirani, nawapeleka shule asubuhi na kuwarudisha jioni. Wale wadogo lazima niwashike mkono mpaka ndani ya lango, na wakubwa wanabaki garini. Gari lisilofunga dirisha utalifungaje? Nilikuwa nikienda ndani mbio, nikirudi mbio, moyo uko mdomoni. Siku moja kabla ya shule kufungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, tumekwama kwenye msongamano wa Mutindwa, mkono ukaingia kupitia nailoni ile ukachukua begi la Akinyi lililokuwa mapajani mwangu. Akinyi ni mtoto wa jirani yangu wa mlango wa pili. Begi si kitu, lilikuwa na daftari na mkate. Lakini watoto walilia njia nzima, na jioni mama zao walikuja kwangu wote pamoja. Hawakunitukana. Waliniambia kwa adabu kwamba shule zikifunguliwa Jumatatu na dirisha liko vile, watatafuta gari jingine. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Na mimi bila watoto wale sina kazi, na bila kazi Nairobi sina haki ya kukaa. Hapo ndipo Badi alipokupigia wewe.

Nilianza kwa fundi kama watu wote. Yuko kijana mmoja kando ya barabara, wanamwita Kamaa, amevaa ovaroli jeusi ambalo nadhani lilikuwa la buluu. Alibonyeza swichi mara moja, akasikiliza mota ikiunguruma ndani ya mlango na kioo hakiji, akacheka.

"Mathe, hii haitaki stress. Naweka tu kajiti hapa, kioo inashika juu. Gari zote za huku ziko na kajiti."

"Na nikitaka kukiteremsha?"

"Unateremsha ya nini? Si ni baridi?"

"Nataka kioo kipande na kishuke, kama kilivyotengenezwa."

Akanitazama kama mtoto anayeomba mwezi. "Sasa hiyo ni story ndefu. Mzee wako ako wapi? Mwambie akuje tuongee."

"Yuko Kariokor," nikamwambia, "kwenye makaburi ya Waislamu. Nenda ukaongee naye, ukipata jibu uniletee."

Kijana wa watu alibadilika rangi. "Pole, mathe, sikujua." Nilijua hakujua. Lakini nilikuwa nimeshachoka kutafutiwa mzee. Nikachukua ufunguo wangu.

Nilikaa ngazini pale kwetu na hasira zangu mpaka jirani yangu Mama Akinyi akatoka zamu. Nimeshakutajia, ni mtu wa Siaya, anafanya kazi kiwanda cha plastiki kule Industrial Area. Ndiye aliyekuwa akinichotea maji na kuninunulia sokoni nilipokuwa eda, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini Waislamu wanafanya hivi au vile.

"Mama Zuhura, unalia ama unafikiria?"

"Nafikiria."

"Basi fikiria ukikula." Akaniletea sahani ya omena. Ndiyo, mama, siku hizi nakula omena. Ukizikaanga na nyanya hazina tofauti na dagaa, na usianze.

Nilimwambia nitaufungua mlango ule mwenyewe. Hakucheka. Aliuliza tu, "Saa ngapi?"

Unajua Twaha kila Jumapili alikuwa chini ya gari lile. Mimi nilikuwa namshikia tochi na kumpa spana. Watu hudhani anayeshika tochi anashika tochi tu. Lakini ukimmulikia mtu kazi yake miaka yote, na macho yako yanaona. Spana zake zipo, nilikataa kuzitoa sadaka pamoja na nguo, na sasa naona sikukosea.

Basi Jumamosi asubuhi tukaliweka gari katikati ya uwanja wa jengo. Mama Akinyi alikuwa na simu yenye video ya mtu anayetengeneza mlango kama ule. Yule mtu anazungumza Kihindi mwanzo mpaka mwisho, lakini mikono yake inaonekana vizuri na bisibisi haina lugha. Wanaume wa jengo wakatoka na vikombe vya chai, wakaegemea ukuta. Kila mmoja ana lake. "Utavunja zile klipu." "Hiyo inatakiwa kupelekwa kwa fundi mwenyewe." Mmoja akasema, "Mama Zuhura, ukishindwa utaniita."

"Nikishindwa nitakuita," nikamjibu. "Wewe kaa hapo ungoje."

Nikafungua skrubu ya kishikio, nikachomoa swichi, nikaingiza bisibisi bapa chini ya ubao wa mlango na kuvuta. Klipu moja ilivunjika kweli, sitakuficha. Nyingine zote zilitoka salama. Nyuma ya ubao kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama lami, nikaibandua polepole kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya mvua. Halafu ukichungulia ndani ya mlango, mama, kuna giza na mafuta, na kioo kimekaa chini kimeinama upande.

Kinachopandisha kioo ni mashine ndogo ya vyuma na kamba ya waya, mafundi wa huku wanaiita regyuleta. Mota inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinavuta kamba, kamba inakibeba kioo. Kamba ya gari letu ilikuwa imekatika na nyuzi zake zimefumuka kama kichwa cha mtu aliyetoka usingizini. Nikamwambia Mama Akinyi akivute kioo juu kwa mikono na akishike, nami nikaingiza mkono kutafuta nati za chini.

Mkono wangu ukagusa kitu laini. Si chuma, si plastiki. Nikakivuta nje.

Kilikuwa kipande cha ndala.

Ndala ya buluu, imekatwa kwa kisu upande wa kisigino, umbo la kabari. Mama, hiki ndicho kile wanachoita kajiti. Kioo kikianza kuwa kizito, watu wa huku hukata kipande cha ndala wakakishindilia kando ya kioo ili kisishuke. Hilo si jipya. Lakini kipande hiki kilikuwa na matundu mawili yaliyochomwa kwa msumari wa moto.

Matundu yale nilikuwepo yakichomwa. Twaha aliibiwa ndala msikitini mara nyingi mpaka akachoka. Siku moja akawasha jiko, akatia msumari, akachoma matundu mawili kila kisigino. "Sasa nitakuwa nazijua hata gizani," akasema, na nyumba ikanuka mpira ulioungua mpaka jioni. Alikuwa hapendi kuendesha gari na ndala, alizivua akazisukuma chini ya kiti, akakanyaga kwa miguu mitupu. Siku ya mwisho pia alizivua. Hospitali alikwenda amebebwa, na ndala zikabaki garini. Eda ilipokwisha niliangalia chini ya kiti nikakuta moja. Nikadhani nyingine imedondoka njiani. Nilihuzunika kwa ajili ya ile ndala kuliko nilivyohuzunika kwa vitu vikubwa, na sikumwambia mtu, kwa sababu nani anaomboleza ndala.

Niliielewa habari nzima pale pale, na mikono imejaa grisi. Kioo kilikuwa kizito kwa vumbi tu, kilitaka kusafishwa na kupakwa mafuta njiani mwake. Badi badala ya kukisafisha, akainama chini ya kiti, akatwaa ndala ya ndugu yake ambaye hata miezi mitano hajamaliza kaburini, akaikata. Akakibana kioo. Halafu siku nyingine yeye au mtu wake akasahau, akabonyeza swichi. Mota ikavuta, ndala ikazuia, na katikati ya mvutano kamba ikakatika. Kabari ikadondoka ndani ya mlango, ushahidi ukazikwa. Akaja kuniambia uzee hauna dawa.

Mama Akinyi bado alikuwa amekishika kioo kwa viganja viwili, mikono juu.

"Hiyo ni ya Baba Zuhura?"

"Ndiyo."

"Basi lia. Kioo nitashika."

Nikalia, mama. Nililia pale uwanjani mbele ya wanaume na vikombe vyao, nimeketi kwenye tofali na kile kipande mkononi. Sikujificha. Yule mwanamke mikono yake ilitetemeka kwa uzito, lakini hakukishusha kioo wala hakuniharakisha. Wanaume waliangalia chai yao. Nilipomaliza nikajifuta kwa kanga, nikakata selotepu pana tukakigandisha kioo juu kwenye fremu ya mlango, naye akaweza kushusha mikono. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafungua nati zilizobaki, nikaitoa regyuleta nzima na mota yake kupitia tundu la mlango, nikaitia kwenye mfuko.

Kariobangi wanauza vipuri vilivyotolewa kwenye magari ya Japani. Nilikwenda na ya kwetu mkononi ili nisidanganywe kwa maneno, maana ya kulia na ya kushoto zinafanana kama viatu na hazibadilishani. Muuzaji aliziweka mbili juu ya meza, nikahesabu matundu ya nati, nikapima urefu wa kamba kwa shubiri. Zililingana. "Mathe uko rada," akasema, yaani niko macho. Nilikubali sifa yangu nikaondoka.

Na hapo ndipo nilipojivunia mapema. Nilirudi, nikaifunga mpya, nikakiteremsha kioo kwenye mahali pake, nikakaza nati, nikabandika nailoni, nikapiga klipu kwa ngumi, nikarudisha ubao. Mlango ukawa mzuri kama haujaguswa. Nikaingia ndani, nikatia ufunguo, nikasema bismillahi na kubonyeza ili kioo kipande. Kikashuka. Nikabonyeza kishuke. Kikapanda.

Wanaume walicheka mpaka chai ikamwagika. Yule wa kuniambia nimwite akasema, "Sasa dirisha linatii kama mke wangu." Nilicheka pia, ningefanya nini. Mota ya kipuri kile ilikuwa inazunguka kinyume na ya kwetu, na mimi sikuijaribu kabla ya kufunga. Mama Akinyi akasema nitazoea. Nikasema hapana. Sikukipigania kioo hiki ili niishi nacho kinyumenyume. Nikaung'oa ubao tena. Klipu nyingine ikavunjika.

Nikaitazama ile mota yetu ya zamani, iliyokuwa mfukoni kama takataka. Ilishikiliwa kwa skrubu tatu tu. Nikaifungua kwa tahadhari isije kamba ikafumuka, nikaipachika kwenye regyuleta mpya, nikaunganisha waya kabla ya kufunga chochote, nikabonyeza. Kikapanda. Taratibu, bila kukwaruza, mpaka juu, kikagusa mpira na kunyamaza. Mota ya Twaha ilikuwa nzima, mama. Muda wote ilikuwa nzima. Kila waliponiambia limechoka, ilikuwa ikivuta kwa nguvu zake zote na kuna kitu kimeibana.

Nilikipandisha na kukishusha, nikakipandisha na kukishusha, mpaka Mama Akinyi akaniambia nitamaliza betri. Wanaume wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Badi alikuja kesho yake baada ya alasiri, pamoja na dalali mmoja mwenye kofia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, kioo nimekishusha, nasafisha vumbi la dashibodi. Hakuuliza hali. Aliegemeza kiwiko chake dirishani kama mwenye nyumba.

"Shemeji, nimekuja na yule mnunuzi. Tusimchoshe. Gari hili unavyoliona hata dirisha halina, akilichukua tu ni bahati. Nimeshaongea na mama yako, anakungoja."

"Najua umeongea na mama yangu."

"Basi mambo yamekwisha."

Nikafungua kisanduku cha garini nikatoa kile kipande. Nikakiweka kiganjani mwake. "Hiki unakijua?"

Alikigeuza. Kidole chake kikapita juu ya matundu mawili, na nilimwona alipotambua. Yeye na Twaha walikuwa wakiswali msikiti mmoja kila Ijumaa, na zile ndala alizipita mlangoni mara nyingi. Dalali akauliza kuna nini.

"Shemeji," Badi akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Ndiyo iliyokuwepo karibu. Sikufikiri."

"Hukufikiri ulipoikata, au hukufikiri uliponiambia limejifia lenyewe?"

Akakifumba kile kipande kiganjani.

"Kama ungeniambia ukweli ningekusamehe siku ileile," nikasema. "Lakini ulimpigia mama yangu, mtu mzima mwenye goti bovu, ukamtisha kwa kitu ulichokiharibu mwenyewe. Mahari yangu hayauzwi. Ulikula pilau lake, unajua. Sasa toa kiwiko."

"Nini?"

"Toa kiwiko dirishani, Badi."

Alikitoa. Nikabonyeza, kioo kikapanda kati yangu na yeye, taratibu, kikiupita mdomo wake kwanza, kisha pua, kisha macho, mpaka kikafunga. Sikusikia tena alichokuwa akisema. Mama, Mungu anisamehe, lakini katika mwaka huu wote hapo ndipo nilipofurahi hasa.

Na usidhani namchukia. Nilimtazama kupitia kioo akimwambia dalali aende zake, kisha akasimama peke yake na kipande kile mkononi, mabega yameanguka, na nikakumbuka kwamba yeye pia alizika ndugu. Kabla hajaondoka alikiweka juu ya boneti, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha msikitini. Nimekirudisha nyumbani. Kiko mlangoni karibu na ile ndala ya pili. Akija kama shemeji, atakaribishwa chai. Akija na dalali, kioo kinapanda.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Akina mama walishuka na watoto chini ya miavuli, kila mmoja akauangalia mlango wangu bila kusema. Nikakishusha kioo mbele yao, nikakipandisha. Mama Akinyi alikuwa wa kwanza kumpandisha mwanawe, na alifanya hivyo kama malkia. Hakuna aliyebaki. Njia nzima watoto walichora nyuso kwenye ukungu wa vioo, na Zuhura akachora moja kwenye changu. Nilipowapeleka wadogo ndani ya lango nilifunga milango yote, nikatembea. Sikukimbia, mama.

Sasa kuhusu ngamani. Methali yako ni nzuri, lakini mimi sina chombo, nina gari. Twaha amelala Kariokor, mwanangu anasoma hapa, na jirani yangu ni mtu anayeweza kunishikia kioo nikilia. Usiniambie hapa ni ugenini. Badi akikupigia tena, mwambie Mwanaisha ameandika, na ukipenda msomee. Saumu, ile sehemu ya kiwiko isome polepole.

Mnisalimie mjomba Athumani, mwambie spana namba kumi aliyompa Twaha siku ya harusi ndiyo iliyofanya kazi yote. Shangazi Mwanatumu, aliyesema mwanamke akishika grisi hapati tena mchumba, mwambie nimejaribu na ni kweli, na nimelala vizuri. Mtoto wa ndugu yetu Kassim nimemwekea nguo za Zuhura zilizombana, zimo kwenye mfuko huu pamoja na barua. Na wewe Saumu, mume wako mpe salamu zangu, mwambie gari lake likinguruma alisikilize kwanza kabla hajaliwekea kitu.

Mama, sirudi, lakini nitakuja. Idi ikikaribia nitaondoka huku mapema na Zuhura nyuma, niendeshe mwenyewe mpaka Takaungu. Usisimame juani kunisubiri. Kaa kibarazani na goti lako, na ukisikia gari limesimama mlangoni usiinuke wewe. Nitateremsha kioo, nitoe mkono, nikuamkie.

Mwanao,
Mwanaisha